Silaha Nyumbani na Hodi ya Serikali: Habari za Kale za Voi na Taita Taveta



Baada ya hesabu za fedha na taarifa za kamati, ni desturi njema kumpa msomaji wa kitabu hiki jambo la kusoma juu ya mambo yaliyopita, ili apate kuyaelewa yaliyopo. Safari hii tumechagua habari ambayo wengi wetu huizungumza kwa sauti ya chini, nayo ni silaha iliyomo nyumbani, na askari polisi anayekuja mlangoni kuitafuta. Mambo haya mawili hudhaniwa kuwa ni mbali mbali, kwa maana la kwanza ni wajibu wa mwenye nyumba, na la pili ni kazi ya Serikali. Lakini mtu akiifuata historia ya nchi yetu, tangu Taveta hata Kasigau, ataona kuwa yamefungwa kwa kamba moja. Kila mara wenye mamlaka walipoingia nyumba za watu bila kupiga hodi, watu walijifunza kuficha. Na kuficha si kuhifadhi. Hayo ndiyo tunayokusudia kuyaeleza.

Kwanza tukumbuke kwamba kuiweka silaha mahali pa salama si elimu iliyoletwa na meli. Kabla ya bunduki kulikuwa na uta na mshale wa sumu. Sumu ile hupikwa kwa miti ya porini, na tone lake likiingia katika damu huua mtu kama linavyomuua mnyama. Kwa hiyo mwindaji, awe Mkamba au Mwaata, aliizungusha sehemu yenye sumu kwa ukanda wa ngozi laini, nao haukufunguliwa ila mnyama yu karibu. Ngozi ile ilifanya kazi mbili: iliilinda sumu isikauke kwa hewa na jua, na iliwalinda watoto na wageni wasije wakajichoma. Mtu asiyefunga mishale yake alikuwa hatari kwa nyumba yake mwenyewe kabla hajawa hatari kwa jirani. Hiyo ndiyo kanuni ya kuhifadhi silaha katika umbo lake la kwanza, na hakuna aliyehitaji kuandikiwa.

Bunduki zilikuja kwetu kwa njia ya misafara. Katika karne ya 19 wafanyi biashara wa Mombasa na mrima walipita nyika ya Taru, wakafika Taita kutafuta maji na chakula, kisha wakaenda Taveta, ambako palikuwa na kituo kikubwa cha kupumzikia kabla ya kuingia nchi ya Wamaasai au kupanda Kilimanjaro. Wapagazi wengi walichukua magobore, na biashara yenyewe ilikuwa ya pembe za ndovu, na zamani zile watumwa pia. Hivyo ndivyo watu wa bara walivyoizoea sauti ya baruti.

Biashara hii ndiyo iliyoyafanya mataifa ya Ulaya kuandika sheria ya kwanza kubwa juu ya silaha katika Afrika. Katika mji wa Brussels, tarehe 2 Julai 1890, yalitia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake mlikuwa na masharti ya bunduki kwa nchi zote zilizo kati ya digrii 20 kaskazini na digrii 22 kusini ya ikweta. Nchi yetu imo katikati ya mipaka hiyo. Mkataba uliagiza kwamba silaha zinazoingia ziwekwe katika ghala la umma, chini ya uangalizi wa Serikali, kwa gharama na kwa hasara ya mwenyewe, wala zisitolewe bila ya ruhusa. Bunduki mpya za kushindiliwa risasi kwa nyuma zingeweza kupewa mtu aliyetoa dhamana ya kutosha kuwa hatamwuzia wala hatampa mtu mwingine. Bunduki za gumegume zenye mtutu usio na mikwaruzo, pamoja na baruti ya kawaida, ziliachiwa biashara chini ya masharti.

Msomaji atazame vema. Katika mkataba huo mna mawazo mawili yaliyofungwa pamoja. Wazo la kwanza ni la haki, kwamba mwenye silaha ana deni kwa jirani zake, naye hana budi kuhakikisha haifiki mikononi mwa mwingine. Wazo la pili ni la ubaguzi, kwamba bunduki iliyo bora itabaki kwa mgeni, na mwenyeji atapewa ya zamani ama hatapewa kabisa. Serikali ya kikoloni iliyarithi yote mawili. Ndiyo sababu kwa muda mrefu Mwafrika alipotajiwa sheria ya silaha hakusikia maneno ya usalama, bali alisikia maneno ya kunyang'anywa.

Reli iliyoanzwa Mombasa mwaka wa 1896 ilipita Voi ikafika mto wa Tsavo mwaka wa 1898, na Voi ikawa mji wa stesheni na polisi. Kisha vikaja Vita Kuu vya Kwanza. Mwezi wa Agosti 1914 majeshi ya Wajerumani yalivuka mpaka yakaiteka Taveta, nayo haikurudi mikononi mwa Waingereza mpaka Machi 1916, baada ya mapigano ya Salaita. Reli ya vita ilijengwa kutoka Voi kuelekea magharibi, na nchi yote ya tambarare ikawa kambi.

Katika mashaka hayo watu wa Kasigau ndio walioonja uchungu mkubwa kuliko wote. Mwaka wa 1915 Waingereza waliwashuku kuwa wamewasaidia Wajerumani. Watu hawakuitwa mmoja mmoja mbele ya hakimu, ili aliye na kosa aonekane na asiye na kosa aachwe. Walikusanywa wote, wanaume na wanawake, wazee na watoto, wakahamishwa kutoka mlimani kwao wakapelekwa Malindi, nchi ya joto na maradhi wasiyoyazoea. Wengi walikufa huko. Waliosalia waliruhusiwa baadaye kurudi upande wa Taita, lakini ilibidi kungoja hata miaka ya 1930 ndipo walipoweza kukaa tena Kasigau kwenyewe. Tunaitaja habari hii kwa sababu ndani yake mna mzizi wa jambo tunalolizungumza. Mamlaka ikiacha kumtafuta mtu mwenye kosa katika nyumba yake, ikaihesabu kila nyumba kuwa ni ya mkosaji, haifanyi tena upekuzi; inafanya adhabu.

Tena jambo la kusikitisha ni kwamba Waingereza wenyewe, katika nchi yao, walikuwa wamekwisha kuamua kinyume cha hayo kiasi cha miaka 150 kabla. Mwezi wa Novemba 1762 wajumbe wa mfalme waliingia kwa nguvu katika nyumba ya mwandishi mmoja wa London, jina lake John Entick. Walivunja makufuli, wakapekua kwa muda wa saa nne, wakachukua makaratasi yake. Walikuwa na hati iliyotiwa sahihi na waziri, lakini haikutoka kwa hakimu, wala hapakuwa na sheria iliyompa waziri uwezo huo. Entick akawashtaki, na mwaka wa 1765 Jaji Lord Camden akamhukumia haki. Maana ya hukumu ile ni kwamba mtumishi wa Serikali akivuka kizingiti cha mtu, sharti aonyeshe sheria inayomruhusu. Asipoionyesha, yeye ni mvamizi kama mvamizi mwingine yeyote. Kanuni hiyo ilisafiri mpaka makoloni ndani ya vitabu vya sheria, lakini mara nyingi ilibaki vitabuni.

Ilibaki vitabuni hasa nyakati za hofu. Mwezi wa Mei 1940, Vita Kuu vya Pili vikiwa vimeanza, Serikali ya Kenya ilivipiga marufuku vyama vitatu vya Waafrika kwa amri za ulinzi wa wakati wa vita, navyo ni Kikuyu Central Association, Ukamba Members Association na Taita Hills Association. Viongozi wao waliwekwa kizuizini, akiwamo Woresha Mengo wa Taita. Chama cha Taita kilikuwa kimesimama kwa ajili ya malalamiko ya ardhi, na silaha yake ilikuwa kalamu. Twajifunza hapo kwamba mamlaka iliyozoea kupita bila ya hodi haitafuti bunduki peke yake. Ikikosa bunduki hutafuta makaratasi.

Hofu kubwa zaidi ilikuja tarehe 20 Oktoba 1952, ilipotangazwa Hali ya Hatari. Ni katika miaka hiyo hiyo ndipo sheria ya silaha ya Kenya, ambayo msingi wake tunao hata leo, ilipotungwa. Wakati ule suala la kuhifadhi lilikuwa suala la roho za watu, kwa kuwa wapiganaji wa msituni walipata bunduki nyingi kwa kuziiba. Wala hazikutoka katika nyumba za walowezi tu. Usiku wa tarehe 26 Machi 1953 kituo cha polisi cha Naivasha kilivamiwa, na silaha na risasi zikachukuliwa kutoka katika ghala la Serikali yenyewe. Habari hiyo yatufundisha kwamba sharti la kufunga silaha haliwahusu raia peke yao. Kufuli la kituo nalo lataka kutazamwa.

Upande wa pili wa sheria ulikuwa mkali kupita kiasi. Chini ya amri za Hali ya Hatari, askari waliweza kuingia nyumbani na kupekua bila ya hati ya hakimu, na kupatikana na bunduki au risasi bila ya ruhusa kulikuwa kosa la kunyongwa. Dedan Kimathi alipokamatwa tarehe 21 Oktoba 1956, hukumu iliyomwua haikuwa ya mauaji, bali ni ya kupatikana na bastola na risasi. Alinyongwa tarehe 18 Februari 1957. Jumla ya watu walionyongwa kwa makosa ya vita vile ni 1,090, na wengi wao walihukumiwa kwa makosa ya silaha.

Wilaya yetu haikuwa uwanja wa vita hivyo, lakini iliyaona matunda yake. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi yaliuzunguka mji wa Nairobi, wakapita nyumba kwa nyumba na mtaa kwa mtaa, wakakamata maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru. Wengi wao walipakiwa katika magari ya reli wakaletwa Mackinnon Road na Manyani, kando ya njia ile ile ya reli inayopita Voi. Kambi ya Manyani ilikuwa kubwa kuliko zote, na katika mwaka ule ule iliingiwa na homa ya matumbo iliyoua wafungwa. Hivyo upekuzi uliofanywa mlangoni mwa mtu katika Nairobi uliishia katika nyika yetu, nyuma ya seng'enge.

Wakati huo huo, upande wa mashariki ya Voi, kulikuwa na upekuzi wa namna nyingine. Mwaka wa 1948 Serikali ilitenga mbuga kubwa ya Tsavo, yenye ukubwa wa zaidi ya kilomita 20,000 za mraba, na makao makuu ya upande wa mashariki yakawekwa Voi chini ya Bwana David Sheldrick. Ndani na kandoni mwa mbuga hiyo waliishi Waata, ambao majirani zao wengi waliwaita Waliangulu, watu waliowinda ndovu kwa pinde nzito na mishale ya sumu tangu enzi za mababu. Lililokuwa riziki likawa ujangili. Tangu mwaka wa 1956 ilianzishwa kampeni kubwa ya kuwakomesha, ikiongozwa na Sheldrick pamoja na Bwana Bill Woodley, aliyekuwa ametoka katika mapigano ya Hali ya Hatari na kuleta maarifa ya kule. Walitumia watoa habari, na vikosi vilivyoingia vijijini alfajiri kabla watu hawajaamka. Katika muda wa miaka miwili hivi uwindaji ule ulivunjwa, na wanaume wengi wakafungwa jela.

Hatuwezi kusema kuwa ndovu hawakustahili kulindwa, wala kwamba pembe zote ziliuzwa na maskini kwa ajili ya chakula. Walikuwako matajiri wa pwani walionunua. Lakini tuitazame nyumba iliyoamshwa alfajiri. Mume anachukuliwa, uta unachukuliwa, na mke anaachwa na watoto bila ya riziki nyingine. Wakuu wenyewe waliliona jambo hilo, na mwaka wa 1960 ukaanzishwa mpango wa Galana, ili Waata wapate kuwinda kwa kibali na kwa mshahara. Mpango huo haukudumu kwa manufaa waliyoyatarajia. Mwindaji aliyetazamia kuamshwa usiku alifanya nini na silaha yake? Hakuiweka tena nyumbani ndani ya ngozi yake mahali mke na watoto wanapajua. Akili ya kawaida ilimwambia aipeleke kichakani. Na kitu kilichofichwa kichakani hakina mlinzi. Akipita mtoto wa kuchunga mbuzi ni chake, na akipita mwizi ni chake pia.

Uhuru ulipopatikana tarehe 12 Desemba 1963, Katiba mpya ililinda nyumba ya raia dhidi ya upekuzi usio na sheria. Lakini mambo hayakunyooka kwa siku moja. Mwaka wa 1977 uwindaji wote ulipigwa marufuku. Hata hivyo, katika miaka ya 1970 na 1980 majangili wenye bunduki za kivita waliingia Tsavo, na ndovu waliokadiriwa kupita 35,000 mwishoni mwa miaka ya 1960 walibaki kiasi cha 5,400 mwaka wa 1988. Ukame mkali wa 1970 na 1971 uliua maelfu, na risasi zikamaliza kazi. Kaskazini ya nchi, mwezi wa Februari 1984, operesheni ya kutafuta silaha katika Wajir iliishia kwa maafa ya uwanja wa Wagalla, ambako wanaume walikusanywa kwa ukoo wao na wengi wakauawa. Ni kosa lile lile la Kasigau lililorudi katika Serikali huru, la kuwahukumu watu kwa kabila na mahali badala ya kwa kitendo.

Basi sheria inasema nini sasa? Tueleze kwa maneno mepesi, kwa maana mtu asiyejua haki yake hujua hofu tu.

Kwa mwenye silaha, sheria yataka kwanza awe na cheti. Tangu mwaka wa 2014 kazi ya kutoa vyeti imo mikononi mwa Bodi ya Leseni za Silaha. Pili, silaha na risasi zihifadhiwe mahali salama nyakati zote, zisipatikane na mtu asiye na haki nazo. Wajibu huu haukomi mwenyewe akiwa safarini, wala akiwa amelala. Hata mataifa jirani yamekubaliana hivyo, kwa kuwa Itifaki ya Nairobi ya tarehe 21 Aprili 2004 yazitaka nchi wanachama ziwe na sheria ya kuhifadhi silaha za raia kwa usalama.

Kwa Serikali nako kuna masharti. Ibara ya 31 ya Katiba ya mwaka wa 2010 inampa kila mtu haki ya faragha, pamoja na haki ya kutopekuliwa mwili, nyumba wala mali yake isivyo halali. Kifungu cha 118 cha sheria ya utaratibu wa kesi za jinai kinasema hati ya upekuzi itolewe na mahakama baada ya kuelezwa kwa kiapo sababu ya kupekua mahali hapo. Kwa kawaida hati hiyo hutimizwa kati ya macheo na machweo ya jua, isipokuwa mahakama imeruhusu saa nyingine. Ni kweli kwamba iko nafasi ya kupekua bila ya hati, ikiwa kuna sababu ya maana na kukawia kungeliharibu jambo. Lakini hata hapo afisa huonyesha kitambulisho chake akiulizwa, na huandika alichokichukua.

Wako wanaosema kwamba masharti haya yanawapa wahalifu nafasi ya kukimbia. Hoja hiyo si ya kudharauliwa, hasa katika wilaya yenye mpaka, barabara kuu, reli na mbuga kubwa. Lakini historia tuliyoisimulia inajibu. Kasigau watu walihamishwa wote, na mlima mzima ukalia kwa kosa la wachache, kama kosa lilikuwako. Mwaka wa 1954 Nairobi ilizungukwa yote, na Manyani ikajaa watu ambao wengi hawakupata kusimama mbele ya hakimu. Kila mara hasara iliyobaki nyuma ni ile ile, nayo ni kwamba jirani huogopa kumwambia polisi anachokijua. Bunduki iliyo katika nyumba mbaya haijulikani kwa kuvunja milango mia. Hujulikana kwa neno la mtu mmoja anayeamini kuwa neno lake halitaleta maafa kwa mtaa mzima.

Wazee wa Taita walikuwa na ibada ya kutasa. Mtu mwenye kinyongo alichukua kinywaji kinywani, akakipuliza nje huku akisema maneno ya kuitoa hasira moyoni, kwa kuwa waliamini hasira iliyofichwa huleta ugonjwa kwa jamaa. Hatusemi sasa kwamba polisi watase kabla ya kupekua. Twasema tu kwamba hati ya hakimu hufanya kazi inayofanana na hiyo. Humfanya afisa asimame kidogo, aeleze sababu yake kwa mtu asiye na kinyongo, na kuiacha hasira nje kabla ya kuingia.

Kwa hiyo, ndugu wanachama, wajibu wetu ni wa pande mbili. Mwenye silaha kwa kibali, awe mlinzi wa ranchi, askari wa akiba au mfanyi biashara, aifungie katika sanduku la chuma lililokazwa ukutani, risasi ziwe mahali pengine, na ufunguo usiwe mahali watoto wanapopajua. Ikipotea au ikiibiwa, apeleke habari kituoni mara moja bila ya kuona haya. Mwenye kujua silaha isiyo halali asinyamaze. Na yeyote anayefikiwa na polisi mlangoni aombe kwa adabu kuonyeshwa hati na kitambulisho, asizuie kazi yao, aite jirani ashuhudie, na aandike vilivyochukuliwa. Akionewa, alipeleke shauri mahakamani, kama alivyofanya Entick.

Nyumba ambayo mlango wake unaheshimiwa haina haja ya kuficha kitu chini ya kichaka.